MFYATUKO NA LANGO: UAFIKIANO WA ISHARA KATIKA SINTHESAIZA ZA MODULI NA CHANGAMOTO YA KUUNDA ISTILAHI ZA KISWAHILI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ishara mbili zinazotumika kuamrisha sauti katika sinthesaiza za moduli, yaani ishara inayoiamsha sauti na ishara inayoishikilia. Watengenezaji wa ala hizi hawakukubaliana tangu mwanzo kuhusu kiwango cha volteji, mwelekeo wa ishara wala aina ya pini. Kwa sababu hiyo, ala mbili zilizo nzima zinaweza kuunganishwa na zisielewane. Makala yanaanzia Gede, mji wa kale wenye kuta na malango katika Kaunti ya Kilifi, na kuonyesha kwamba dhana hizi zinaweza kufundishwa kwa Kiswahili kwa kutumia mambo ambayo msomaji wa pwani anayajua: lango, kizingiti, bawabu na hodi. Kisha yanapima istilahi zinazoweza kutumika kwa kufuata vigezo vya uundaji wa istilahi. Hoja kuu ni kwamba kosa la istilahi katika uwanja huu halibaki kwenye karatasi. Hufika kwenye waya, na wakati mwingine huunguza kifaa.

1.0 Utangulizi

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2021, UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hizi ni hatua za kujivunia. Hata hivyo, lugha haipimwi kwa sherehe zake bali kwa kazi inazoweza kufanya. Lugha inayotungiwa mashairi mazuri lakini isiyoweza kumweleza kijana kwa nini kifaa alichokiunganisha hakilii, bado ina deni kwa wasemaji wake.

Muziki wa kielektroniki ni mojawapo ya nyanja ambazo deni hilo linaonekana wazi. Afrika Mashariki si mgeni tena katika muziki huu. Jijini Nairobi, asasi ya Santuri imekuwa ikiwafunza vijana utengenezaji wa muziki wa kielektroniki. Nchini Uganda, tamasha la Nyege Nyege lililoanza mwaka 2015 limewakutanisha wasanii wa eneo hili na wa mabara mengine. Msanii KMRU, mzaliwa wa Nairobi, alitoa albamu yake Peel mwaka 2020 na kusikilizwa mbali na nyumbani. Wasanii wapo, na masikio yapo. Kilichochelewa ni maneno. Vitabu vya maelekezo vinavyoambatana na ala hizi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha za nchi zinakotengenezwa, na anayetaka kuvifafanua kwa Kiswahili hujikuta akibuni maneno papo kwa papo.

Makala haya yameteua jambo moja dogo katika uwanja huo mpana, nalo ni uafikiano wa ishara za kuamsha na kushikilia sauti. Jambo hili ni dogo kwa umbo lakini ndilo linalomkwamisha mwanafunzi mwanzoni kabisa. Aidha, linafaa kwa mwanaistilahi kwa sababu lina dhana mbili zinazokaribiana sana, ambazo mfasiri mwenye haraka anaweza kuzipa neno moja na kuharibu kila kitu.

2.0 Dhana ya Sinthesaiza ya Moduli

Sinthesaiza ya moduli ni ala ya muziki iliyogawanywa katika sehemu zinazojitegemea, yaani moduli. Moduli moja huzalisha mawimbi ya sauti, ya pili huyachuja, na ya tatu huongeza au kupunguza ukubwa wake. Kuna pia moduli inayoamua umbo la sauti katika wakati: jinsi inavyopanda, inavyoshuka kidogo, inavyodumu, na hatimaye inavyofifia. Mpigaji huziunganisha moduli hizi kwa nyaya anavyotaka, na kila muungano huzaa ala mpya.

Moduli hizi huwasiliana kwa volteji. Volteji inayobadilika polepole inaweza kubainisha kiwango cha noti, yaani iwe juu au chini. Lakini kiwango cha noti peke yake hakitoshi. Ni lazima pia moduli iambiwe noti ianze lini na ikome lini. Hapa ndipo zinapoingia ishara mbili za makala haya.

Ishara ya kwanza ni pigo fupi la volteji. Hupanda ghafla na kushuka ghafla, mara nyingi kwa muda wa milisekunde chache tu. Ujumbe wake ni mmoja: anza. Katika makala haya itaitwa mfyatuko. Ishara ya pili hupanda na kubaki juu kwa muda wote ambao kidole kimeshikilia kibonyezo, kisha hushuka kidole kinapoondoka. Ujumbe wake ni: anza, endelea, endelea, sasa acha. Hii itaitwa ishara ya lango. Sababu za uteuzi wa maneno haya zitatolewa katika sehemu ya 6.0.

3.0 Gede kama Kielelezo cha Kufundishia

Magofu ya Gede yapo karibu na Watamu, kusini mwa Malindi. James Kirkman aliuchimbua mji huo kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Miongoni mwa makaburi yake limo moja lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na mwaka 1399 Miladia. Mji ulizungukwa na ukuta wa nje, na ndani yake ukawamo ukuta mwingine uliozingira jumba la kifalme, msikiti mkuu na nyumba za mawe. Katika vifusi vyake zimepatikana kauri za China, shanga za Venice, taa ya chuma ya India na mkasi wa Hispania. Bidhaa hizo zilitoka katika mifumo tofauti ya biashara, na zote zikaingia katika mji mmoja.

Mji wenye kuta mbili unamfaa mwalimu wa dhana hizi. Mgeni anapofika langoni hupiga hodi. Hodi ni sauti fupi. Ikishatamkwa imekwisha, na kazi yake ni kumwamsha aliye ndani. Hiyo ndiyo sifa ya mfyatuko. Bawabu akishaitikia, hulifungua lango na kulishikilia mpaka msafara wote upite. Kama msafara una watu wawili, lango litafunguka kwa muda mfupi. Kama una punda hamsini, litabaki wazi muda mrefu. Muda huo wa kuwa wazi ndio maana ya ishara ya lango.

Lango lina pia kizingiti. Anayetaka kuingia lazima akivuke, na asiyekivuka hakuingia hata kama amesimama karibu kiasi gani. Katika elektroniki, kila moduli inayopokea ishara ina kizingiti chake cha volteji. Volteji ikiwa chini ya kizingiti, moduli huhesabu kwamba hakuna aliyebisha. Ikivuka kizingiti, hufungua. Neno hili halikuhitaji kubuniwa. Lilikuwa tayari katika kila nyumba ya pwani, likisubiri kupewa kazi ya pili.

Ala za jadi za eneo hili nazo zinafundisha tofauti hiyo hiyo. Ngoma hupigwa mara moja na sauti yake ikafa yenyewe. Mkono wa mpigaji ukiondoka au ukibaki hewani, ngozi haijali. Ngoma hutaka mfyatuko tu. Zumari ni kinyume chake. Sauti yake huishi maadamu pumzi inaendelea, na ndiyo maana wapulizaji wake hujifunza kuhifadhi hewa mashavuni ili wavute pumzi kwa pua bila kuikata sauti. Zumari hutaka lango. Mtu anayemtaka mpuliza zumari atoe noti ndefu kwa pumzi moja fupi kama pigo la ngoma, anataka lisilowezekana. Hata hivyo, kosa hilo ndilo analolifanya kila anayepeleka mfyatuko mahali panapohitaji lango.

4.0 Mifumo na Tofauti Zake

Kama watengenezaji wote wangekubaliana, somo lingeishia hapo. Lakini kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kubisha hodi.

4.1 Moog

Robert Moog alianza kutengeneza moduli zake katika jimbo la New York mwaka 1964. Katika mfumo wake, waya wa kuamsha sauti huwa na volteji wakati wa utulivu. Mpigaji anapobonyeza kibonyezo, waya huo huunganishwa na waya wa ardhi na volteji huanguka hadi karibu na sifuri. Sauti hudumu kwa muda ambao waya umebaki chini. Ni kama bawabu aliyeamrishwa hivi: ngoma ya ulinzi ikiendelea kulia, lango lifungwe, ngoma ikinyamaza, fungua. Ishara yenyewe ni ukimya. Pini za ishara hii nazo zilikuwa tofauti na zile za sauti, kwani zilikuwa na meno mawili bapa, hivyo waya wa kawaida haukuweza hata kuingia.

4.2 Buchla na Serge

Katika miaka hiyo hiyo, Don Buchla alikuwa akitengeneza ala zake katika jimbo la California. Katika mfumo wake wa baadaye, waya mmoja hubeba ishara zote mbili: volteji hupanda hadi takriban 10 kwa muda mfupi, kisha hushuka hadi takriban 5 na kubaki hapo maadamu mpigaji ameshikilia. Hodi na lango vimo katika sauti moja; kinachovitofautisha ni kimo. Serge Tcherepnin, ambaye mfumo wake ulianza miaka ya 1970 mwanzoni, alitumia mapigo ya takriban volti 5. Mifumo yote miwili hutumia pini moja moja zisizobeba waya wa ardhi. Matokeo yake ni kwamba masanduku mawili yanaweza kuunganishwa kwa waya wa ishara na bado yasisikizane, kwa kuwa hayana ardhi ya pamoja ya kupimia. Volteji daima ni tofauti kati ya sehemu mbili; bila mahali pa kuanzia kupima, kimo hakina maana.

4.3 ARP na Korg

Kampuni ya ARP, katika ala kama ARP 2600 ya miaka ya 1970 mwanzoni, ilizitenga ishara hizi katika nyaya mbili. Lango hubaki wazi maadamu kuna kibonyezo chochote kilichobonyezwa, na mfyatuko mpya hutolewa kila kibonyezo kingine kinapoguswa. Faida yake ni kubwa. Mpigaji anayeteleza kutoka noti moja hadi nyingine bila kuinua kidole huliacha lango wazi wakati wote, na bila ya mfyatuko wa pili moduli isingejua kwamba noti mpya imeanza. Kwa upande wa Japani, Korg MS-20 ya mwaka 1978 ilifuata njia ya kuishusha ishara hadi ardhini, inayofanana na ile ya Moog.

4.4 Doepfer na mfumo wa leo

Katikati ya miaka ya 1990, Dieter Doepfer wa Ujerumani alileta mfumo wa A-100, ambao vipimo vyake vilikuja kufuatwa na watengenezaji wengi. Hutumia umeme wa volti 12 chanya na 12 hasi, pini za milimita 3.5, na ishara za lango zinazopanda kutoka sifuri hadi volti 5 au zaidi, wakati mwingine hadi 10. Hata ndani ya mfumo huu mmoja, kizingiti hutofautiana kati ya moduli na moduli. Ule umoja wa pini humfanya anayeanza aamini kwamba kila kinachoingia kinaafikiana. Si kweli. Ufunguo kuingia kwenye tundu si hoja kwamba mlango utafunguka, na wahenga walikwisha kusema kwamba kila mlango na ufunguo wake.

5.0 Kutoafikiana na Njia za Kusuluhisha

Matatizo yanayotokana na tofauti hizi yanaweza kugawanywa katika makundi manne.

La kwanza ni la muda. Mfyatuko ukipelekwa kwenye moduli ya umbo la sauti inayohitaji lango, sauti huanza kupanda na papo hapo huamrishwa kufifia. Kinachosikika ni mlio mfupi, au kimya kabisa ikiwa sauti ilipangwa kupanda polepole. Kinyume chake si kibaya sana, maana lango likipelekwa kwenye moduli ya mlio wa ngoma, moduli husoma ule mwanzo wa kupanda tu na kuupuuza muda uliobaki. Basi kuna kanuni inayofaa kukaririwa: mara nyingi lango linaweza kufanya kazi ya mfyatuko, lakini mfyatuko hauwezi kufanya kazi ya lango bila msaada. Msaada huo ni saketi inayopokea pigo fupi na kulirefusha kwa muda uliopangwa.

La pili ni la mwelekeo. Lango la kawaida likiunganishwa na ala inayosubiri ishara ishuke, kama Korg MS-20, maana inaweza kupinduka. Ala ikalia pale ilipotakiwa kunyamaza na ikanyamaza pale ilipotakiwa kulia. Tiba yake ni transista moja na kikinzani. Ishara chanya hupitia kwenye kikinzani hadi kwenye mguu wa transista unaoitwa besi. Transista hufunguka na kuuunganisha waya wa ala na ardhi. Transista hiyo ndiyo mkalimani wa nyumba mbili, kwani husikia sauti upande huu na kutoa ukimya upande wa pili.

La tatu ni la kimo. Ishara ya volti 3 haiwezi kuamsha moduli yenye kizingiti cha volti 4. Mfano wa Buchla unaonyesha jambo la ajabu zaidi. Ishara yake ikipokewa na moduli yenye kizingiti cha volti 2, husomwa kuwa lango zima. Ikipokewa na moduli yenye kizingiti cha volti 7, husomwa kuwa mfyatuko tu, kwa sababu ile sehemu ya volti 5 haikivuki kizingiti. Ishara ni moja na wasomaji ni wawili, nao wametoka na maana mbili. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea nadharia za upokezi hataona ugeni hapa.

La nne ni la hatari. Vijana wengi hawana uwezo wa kununua ala za bei kubwa, hivyo hujitengenezea zao kwa vibao vidogo vya kompyuta. Pini za Raspberry Pi zimeundwa kupokea volti 3.3, za Arduino Uno, volti 5. Ishara ya volti 10 ikipelekwa humo moja kwa moja, kibao kinaweza kuungua. Ngoma ivumayo haidumu, na hapa methali hiyo ni ya kweli kwa maana ya karibu kabisa. Suluhisho ni kuigawa volteji kwa vikinzani viwili. Vikiwa sawa, volti 10 hutoka zikiwa 5. Kimoja kikiwa na ukubwa maradufu ya kingine, na ishara ikachukuliwa kwenye kile kidogo, hutoka theluthi, yaani takriban 3.3. Ishara zinazoshuka chini ya sifuri nazo huhitaji kuzuiwa kwa diodi kabla hazijakifikia kibao.

Ni vyema kutaja kwamba ulimwengu wa vinanda vya kidijitali ulipata suluhu yake mwaka 1983 kwa mkataba wa MIDI, ambapo ala hutumiana ujumbe wa namba badala ya volteji. Humo kuna ujumbe mmoja wa kuanza noti na mwingine wa kuikomesha. Mkataba huo ulifanikiwa kwa sababu watengenezaji walikubaliana kwanza kuhusu maana, kisha wakatengeneza vifaa. Wanaistilahi wana la kujifunza hapo.

6.0 Tathmini ya Istilahi

Wanaistilahi wa Kiswahili wamezoea vigezo vilivyopendekezwa na Kiingi na ambavyo hujulikana kwa kifupisho cha PEGITOSCA. Miongoni mwavyo ni usahihi, iktisadi, uzalishaji, ukimataifa, uangavu, mfumo, uthabiti na ukubalifu. Sehemu hii inavitumia kupima maneno yanayoweza kuteuliwa.

Neno linalojitokeza haraka kwa ishara fupi ni kichocheo. Ni neno zuri, lakini lina kasoro mbili. Kwanza, limekwisha kuzoeleka katika kemia kwa maana ya kitu kinachoharakisha mmenyuko. Pili, na hili ndilo kubwa, kuchochea ni kitendo kinachoweza kuendelea. Moto huchochewa muda mrefu, na fitina vilevile. Kichocheo hakimwambii msomaji kwamba ishara ni fupi. Mfasiri akilitumia kwa ishara zote mbili, mwanafunzi hataweza kutofautisha tundu la mfyatuko na tundu la lango. Ataunganisha, hatasikia kitu, na atakata shauri kwamba kifaa kimeharibika. Kifaa kitakuwa kizima. Kilichovunjika ni neno.

Mfyatuko unatokana na kitenzi fyatua. Mtego hufyatuka, bunduki hufyatuliwa, na matofali nayo hufyatuliwa kutoka kwenye kalibu. Katika matumizi yote matatu, kitendo ni cha mara moja: mtego mmoja hunasa mara moja, na tofali moja hutoka kwa mfyatuo mmoja. Usahihi umo ndani ya mzizi. Uzalishaji pia ni mzuri, kwa kuwa tunapata kifyatulio kwa kifaa kinachotoa ishara, kufyatua kwa kitendo, na kufyatuka kwa hali ya moduli iliyoamshwa.

Kwa ishara ya pili, washindani ni geti na lango. Geti lina ukimataifa na linajulikana mitaani. Tatizo lake ni kwamba linasimama peke yake, halina ndugu. Lango linakuja na ukoo mzima: mlango, kizingiti, bawabu, kufungua, kufunga, kushikilia. Mwalimu anayesema kwamba ishara haikuvuka kizingiti na kwa hiyo lango halikufunguka, amesema sentensi ya elektroniki ambayo bibi wa Gede anaweza kuifuata. Hicho ndicho kigezo cha mfumo kinapofanya kazi: istilahi moja huzibeba nyingine.

Hata hivyo, uangavu una mitego yake. Lango la mji hupitisha watu, ilhali ishara ya lango haipitishi sauti ndani yake. Ni amri tu inayosema lango la sauti liwe wazi. Aidha, elektroniki ya kidijitali ina malango ya mantiki, ambayo ni saketi na si ishara. Ili kulinda uthabiti, makala haya yanapendekeza lango libaki jina la saketi, na volteji inayoliamuru iitwe ishara ya lango. Neno moja la ziada linapunguza iktisadi kidogo, lakini linaokoa usahihi. Katika kupima vigezo, usahihi hutangulia pale ambapo kosa lina gharama.

Mfano wa tahadhari ni moduli ya umbo la sauti. Jina lake la Kiingereza likifasiriwa neno kwa neno huzaa bahasha. Msomaji wa Kiswahili akisikia bahasha hufikiria barua au, katika siasa, hongo. Hakuna kupanda wala kufifia ndani ya bahasha. Umbo la sauti ni refu zaidi lakini linasema ukweli.

Ipo hoja pinzani inayostahili kusikilizwa. Wapo watakaosema kwamba wasanii wa Nairobi na Mombasa tayari wanasema triga na geti, na kwamba mwanaisimu hana mamlaka ya kuwasahihisha. Hoja hii ina uzito, kwani ukubalifu nao ni kigezo. Jibu ni kwamba maneno haya si lazima yapigane. Triga linaweza kuishi studioni kama msimbo wa wanaofahamiana. Kitabu cha kufundishia, kinachosomwa na mtu asiye na wa kumuuliza, kinahitaji neno linalojieleza lenyewe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mfyatuko na ishara ya lango ni dhana mbili zisizoweza kubadilishana ovyo, na kwamba mifumo ya Moog, Buchla, Serge, ARP, Korg na Doepfer inatofautiana katika muda, mwelekeo, kimo na namna ya kuunganishwa. Yameonyesha pia kwamba kila tofauti ina suluhisho, na nyingi kati ya suluhisho hizo ni vipande vichache vya gharama ndogo: transista, diodi na vikinzani viwili.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, funzo ni pana zaidi. Vigezo vya istilahi haviwezi kutumiwa na mtu aliyekaa na kamusi peke yake. Aliyesikia mlio ukikatika kwa sababu mfyatuko uliwekwa mahali pa lango, ndiye atakayejua kwa nini kichocheo hakifai. Hivyo inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili zishirikiane na idara za muziki na za uhandisi katika kuunda istilahi, na kwamba kila istilahi ijaribiwe mbele ya mwanafunzi mwenye waya mkononi kabla ya kuchapishwa.

Wajenzi wa Gede waliweka malango katika kuta zao kwa kuwa walijua kwamba mji usiopokea wageni hufa, na mji unaopokea kila kitu bila bawabu hufa pia. Kiswahili kimekuwa kikipokea maneno ya wageni tangu enzi za mji huo. Kazi ya kizazi hiki ni kulishikilia lango, kujua ni nani anayepiga hodi, na kuhakikisha kwamba anayeingia atafahamika na walio ndani.